Shajara ya mradi: mitumbwi ya mbio, kutoka plaiwudi ya Mafinga hadi maji ya Matema

Hali ilivyo mwishoni mwa wiki ya 14

Mitumbwi miwili ya mbio iko majini Matema, wilayani Kyela. Wa tatu umeshavikwa faiba upande wa nje, unasubiri msasa. Wa nne bado ni vipande vya plaiwudi vilivyolazwa darini karakanani. Makafi sita yamekamilika, na mawili kati yake yamevunjika. Njia ya mita 200 imewekewa maboya mara mbili, maana ya kwanza ilisombwa.

Kazi ilianza Juni, masika yalipokatika Kyela, na mpango ulikuwa wiki 10. Wiki nne zilizozidi zililiwa na baridi ya Mafinga, kisha gundi, kisha upepo wa kusini. Walioko Ludewa, Liuli na Mbamba Bay wameomba vipimo ili nao waanze. Vipimo vyote viko humu, pamoja na makosa, kwa sababu kosa la epoksi (gundi ya kuchanganya rezini na hadina, dawa ya kuikausha) peke yake linatosha kumaliza bajeti ya mtumbwi mzima.

Kwa nini C1

Katika lugha ya mchezo, K ni kayaki: mpigaji anakaa na kutumia kafi lenye bapa pande zote mbili. C ni mtumbwi ambao mpigaji anapiga goti moja na kutumia kafi la bapa moja, upande mmoja tu, bila usukani. Namba inayofuata ni idadi ya watu. C1 ndiyo ya kwetu. Kijana wa pwani ya Ziwa Nyasa ameshika kafi la bapa moja tangu utotoni. Wimbi analijua, na uzito wa mwili wake anajua auegemeze wapi. Ukimweka kwenye kayaki unamwanzisha darasa la kwanza. Ukimweka kwenye C1 anarekebisha mambo mawili matatu, basi.

Mfano wa Afrika upo. Ayomide Bello wa Nigeria alitwaa dhahabu nne za C1 na C2 kwenye Michezo ya Afrika ya 2019 nchini Morocco, akashindana Olimpiki ya Tokyo.

Yanayotoka Lausanne na maana yake Kyela

Shirikisho la Kimataifa la Mitumbwi, ICF, lina makao Lausanne, Uswisi. Mzizi wake ni chombo kilichoundwa Copenhagen mwaka 1924, kikaundwa upya kwa jina la sasa mwaka 1946, na ndiyo maana liliadhimisha miaka 100 mwaka 2024. Tangu 2021 linaongozwa na Thomas Konietzko wa Ujerumani.

Badiliko kubwa kuliko yote kwa mradi huu ni la wanawake. Tangu 1948 wanawake walishindana Olimpiki kwa kayaki tu. Mtumbwi wa C waliruhusiwa kuanzia Tokyo. Paris 2024 mbio za maji tulivu zilikuwa na medali tano za wanaume na tano za wanawake. Kwa wanawake C1 ni mita 200, kwa wanaume ni mita 1000. Katie Vincent wa Canada alishinda hiyo ya mita 200 kwa sekunde 44.12, tofauti ya kope na kope na aliyemfuata. Tulipochagua urefu wa njia ya kwanza Matema, hesabu ilikuwa rahisi: mita 200 ndizo zinazopimika kwa kamba na watu wanne, na ndizo umbali kamili wa Olimpiki kwa wasichana. Kwa hiyo wasichana ndio wanaotangulia kwenye mradi huu, na nafasi nne kati ya sita za wapigaji ni zao.

Slalomu, mbio za kupita kati ya milango ya fito zinazoning'inia juu ya maji, pia imepanuka. Kayaki krosi, ambapo wanne wanaporomoka pamoja kutoka jukwaani hadi kwenye maji ya kasi, iliingia Olimpiki Paris; Noémie Fox wa Australia na Finn Butcher wa New Zealand walishinda. Ni mchezo mzuri kuutazama. Maji ya kasi tunayo, Kiwira na Ruaha Mdogo, lakini mto wenye miamba na kingo zilizokatika kama Kiwira unahitaji waokoaji wenye mafunzo ya kamba. Sisi hatuna hata mmoja. Slalomu tunaifanya kwa milango ya mianzi kwenye maji yaliyotulia, na maelezo yake yako chini.

Kuhusu ubao wa kusimama, ule ambao mtu anapiga kafi amesimama wima, wengi wanauliza kwa kuwa vijana wetu husimama mtumbwini bila wasiwasi. Mchezo huo uligombewa na mashirikisho mawili, ICF na lile la mchezo wa mawimbi, ISA. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliamua Agosti 2020 kwamba yote mawili yanaweza kuandaa mashindano, ila kwa upande wa Olimpiki msimamizi ni ISA. Anayejenga mbao hizo ajue basi anaelekea mlango gani. Sisi tumeziacha.

Vipimo vya sheria

C1: urefu usizidi sm 520, uzito usipungue kg 14. C2: sm 650 na kg 20. K1: sm 520 na kg 12. Upana wa chini wa mitumbwi ya mbio uliondolewa baada ya Olimpiki ya 2000, ndiyo sababu ya leo ni myembamba kama wembe.

Hapa watu wengi hukwama. Wanasoma kg 14, wanaona kwamba ni mitumbwi ya nyuzi za kaboni ya Ulaya tu inayofikia uzito huo, wanakata tamaa. Kg 14 ni sakafu. Mtumbwi wa kg 22 ni halali kabisa. Utakuwa mzito kuanza, lakini hakuna mpima atakayeukataa. Kinachokataliwa ni urefu ukizidi, hata kwa nusu sentimita. Sisi tuliingia mtego huo huo: mtumbwi wa kwanza ulitoka sm 521.5 baada ya kuongeza kipande cha mlingoti (mti wa mkaratusi) kwenye omo, ncha ya mbele, kwa ajili ya kuzuia kugongwa. Ilibidi kukikata, kupiga randa upya, na kuziba uwazi. Sasa plaiwudi inakatwa kwa sm 517, na sm 3 zinaachwa kwa omo na tezi, ncha ya nyuma.

Wiki ya 1 na 2: Mafinga, kuchagua plaiwudi

Misitu ya paini ya Sao Hill na viwanda vya Mafinga vinatupa plaiwudi bila kuagiza mbali. Tatizo ni gundi iliyomo katikati ya tabaka. Plaiwudi ya makabati hutumia gundi isiyostahimili maji, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Ile yenye ngozi nyeusi inayotumika kumwagia zege ina gundi nzuri, lakini ni nene na nzito, na epoksi haishiki kwenye ngozi ile.

Kipimo ni sufuria. Kata kipande cha sm 10 kwa sm 10 kutoka kila fungu, chemsha saa nne, anika siku nzima, chemsha tena saa nne, kisha ingiza patasi kati ya tabaka na kuibinua. Ikiachia kama ganda la kitunguu, rudisha fungu zima. Ikichanika mbao yenyewe huku gundi ikibaki, chukua. Katika mafungu matano tuliyopima, mawili yalifaulu. Muuzaji mmoja alisisitiza yake ni ya maji. Ilifumuka ndani ya saa ya kwanza.

Kagua pia matundu ya ndani. Gonga bodi nzima kwa sarafu, mahali penye uwazi hutoa sauti pwaa. Tundu moja likiangukia kwenye mkunjo wa omo, ubao unavunjika siku ya kukunja.

Kwa mtumbwi mmoja tunatumia bodi 3 za mm 4. Bodi ina sm 244 kwa 122. Upande wa sm 122 unatoa vipande vinne vya upana wa sm 29, na msumeno unabakiwa na nafasi. Vipande vinne hivyo ndivyo mbavu mbili (kuta za pembeni) na tako mbili (sehemu ya chini) za mtumbwi. Bodi mbili zikiungwa kichwa kwa kichwa bado hazifiki sm 517, kwa hiyo bodi ya tatu inatoa sm 40, na inayobaki ni sitaha na kuta za ndani.

Mwanzoni tulipanga kuunga vipande Mafinga kisha kusafirisha mbao za mita tano. Hilo lilikufa kwa sababu mbili. Gundi iligoma kukauka: usiku wa Juni Mafinga joto linashuka chini ya nyuzi 10, na maungo yaliyogandishwa Jumatatu yalikuwa bado yanabonyea kwa ukucha Alhamisi. Jiko la mkaa halisaidii, na ni hatari kando ya rezini. Sababu ya pili ni barabara. Kutoka Mafinga kupita Makambako, Uyole na Tukuyu hadi Kyela, mbao nyembamba ya mita tano juu ya Fuso inapigwa na upepo mpaka inapasuka. Vipande vifupi vilivyofungwa pamoja, 48 kwa mitumbwi minne, vilisafiri salama chini ya turubai. Turubai ni la lazima hata kiangazi. Rungwe mvua haina msimu wa kupumzika.

Wiki ya 3 hadi 6: Kyela, maungo na gundi

Ungo wa kichwa kwa kichwa hupigwa randa kwa mteremko wa nane kwa moja. Plaiwudi ya mm 4 inahitaji mteremko wa mm 32. Panga vipande vinne kama ngazi, kila kimoja kikirudi nyuma mm 32, kisha piga randa vyote kwa mpigo mmoja. Mistari ya tabaka ikionekana imenyooka kama mistari ya daftari, mteremko uko sawa. Paini hunywa gundi sana. Ukipaka mara moja na kubana, mbao inanyonya yote na ungo unabaki mkavu. Paka epoksi tupu, subiri dakika 15, paka tena iliyotiwa unga wa mbao, ndipo ubane. Weka nailoni chini na juu, la sivyo mtumbwi utaungana na meza. Pigilia misumari miwili midogo kabla ya kubana, maana ungo uliopakwa gundi huteleza kama samaki, na kibiongo chake hakiondoki tena.

Sasa kosa lenyewe. Mafundi wengi wa faiba kwetu wamezoea rezini ya poliesta, ile ya matangi na boti kubwa. Kwenye poliesta, hadina ni matone: asilimia moja au mbili, na fundi akiona baridi anaongeza kidogo, ikiwaka mapema anapunguza. Epoksi ni kitu kingine. Rezini na hadina vinashikana mkono kwa mkono, kila chembe na mwenzake. Yetu ni sehemu 2 kwa 1 kwa ujazo. Ukizidisha hadina ili ikauke haraka, ziada inabaki bila mwenzi na mchanganyiko unakuwa kama ubani uliotafunwa, milele. Tulipoteza maungo 11 kwa njia hiyo. Hakuna dawa: unakwangua, unafuta kwa kitambaa chenye spiriti, unapiga randa na kuanza upya. Tangu hapo vipimo vinafanywa kwa vikombe viwili vyenye mistari ya kalamu, na anayechanganya hazungumzishwi.

Na kwa nini tusitumie poliesta yenyewe, iliyo rahisi? Kwa sababu haishiki mbao vizuri. Inakauka ikiwa ngumu, inang'aa, inapendeza, kisha baada ya miezi kadhaa ya jua na maji inabanduka kama rangi ukutani, na maji yanakaa kati yake na plaiwudi.

Kyela ina shida zake, kinyume cha Mafinga. Karakana ikipita nyuzi 30, kikombe cha gramu 300 kilianza kufuka moshi baada ya dakika nane na kuyeyusha plastiki. Epoksi ikikauka hutoa joto, na ikiwa imerundikana joto halina pa kutokea. Changanya gramu 150 tu, na mara moja mwaga kwenye trei pana. Anza kazi saa kumi na mbili asubuhi, maliza saa tatu. Unyevu nao huacha utando wa mafuta juu ya epoksi iliyokauka. Ukiupiga msasa hivyo hivyo, msasa unaziba na tabaka linalofuata halishiki. Osha kwa maji, sabuni na brashi, kausha, ndipo msasa.

Wiki ya 7 hadi 10: kushona

Mbao zikishachongwa umbo, kando zake hutobolewa matundu kila baada ya sm 15, sm 1 kutoka ukingoni, na kushonwa kwa waya wa shaba uliotolewa kwenye nyaya kuukuu za umeme. Mishono mitatu mirefu, mmoja wa mkuku (mstari wa katikati ya tako) na miwili ya pembeni, ilitoa vifungo 104 na mita 13 za waya. Vifungo vya kwanza viache vilegee. Umbo likishasimama, ukiangalia kutoka omo hadi tezi na kamba iliyonyooshwa katikati, ndipo ukaze kwa koleo. Mtumbwi wa kwanza ulikazwa mapema, ukajisokota: tezi lilielekea kushoto karibu sm 1. Majini unaonekana. Mpigaji wa upande mmoja anaupenda, wa upande wa pili anapigana nao njia nzima.

Pembe ya ndani ya kila mshono inajazwa epoksi iliyokorogwa na unga wa mbao uliochekechwa kwa kichujio cha chai, uzito wake kama uji usiotiririka kwenye mwiko. Lainisha kwa mgongo wa kijiko. Waya unatolewa baada ya ujazo wa kwanza kukauka, kisha utepe wa faiba wa sm 7.5 unalazwa juu. Nje ni kitambaa kimoja cha faiba cha gramu 200 kwa mita ya mraba, mita 5.5. Kitambaa kikilowa kinapotea machoni. Kikionekana cheupe kina hewa, kiking'aa kama kioo kina rezini ya ziada, na ziada ni uzito mtupu.

Uzito umeonyesha hilo wazi. Mtumbwi wa kwanza: kg 24.3, na ulikula epoksi kg 7. Wa pili: kg 21.6, epoksi kg 4.8. Mbao ni zile zile. Tofauti ni kadi ya plastiki iliyotumika kukwangua ziada kabla haijakauka.

Kila upande wa mwisho una chumba kilichozibwa kwa ukuta wa ndani, chenye kizibo cha kufungulia. Fungua kizibo mtumbwi ukiwa juani, maana hewa ya moto ikitanuka inasukuma sitaha mpaka gundi inaachia. Wa kwanza ulilia "ta!" saa saba mchana, siku ya pili tu baada ya kukamilika.

Makafi

Tulianza na sm 158 kwa mpigaji wa sm 170, bapa la upana wa sm 21. Mpini ni vipande vitatu vya paini vilivyogandishwa pamoja, na mlingoti mwembamba katikati kwa nguvu. Yaliyovunjika yote mawili yalivunjika mahali pamoja, mpini unapoingia kwenye bapa, kwa sababu tulichonga kona kali pale. Sasa panapungua taratibu kwa sm 20. Uzito ni g 900 hivi. Kafi la kawaida la ziwani ni zito zaidi ya mara mbili, na kwa mwendo wa mipigo 60 kwa dakika bega linaijua tofauti hiyo.

Wiki ya 11 na 12: njia ya mita 200

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha yake ya kaskazini. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini mashariki, ambao Wamalawi huuita mwera, unasukuma maji urefu wote huo na kuyamwaga mlangoni kwetu. Asubuhi mapema maji ni kioo, mchana mawimbi yanapanda ufukweni. Hivyo muda wetu ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, na hata huo tunaugawana: wavuvi wa usipa wanarudi na taa zao alfajiri na kukatiza njia. Tumekubaliana na BMU ya pale, kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni, kwamba hakuna mbio kabla mtumbwi wa mwisho haujatia nanga, na wao hawatandazi nyavu kati ya maboya.

Njia ya kwanza ilipimwa kwa kamba ya nailoni. Mambo yalikwenda mrama papo hapo. Nailoni ikilowa na kuvutwa inarefuka. "Mita 200" zetu zilipopimwa upya kwa utepe wa chuma juu ya mchanga zilikuwa 207. Saa za wapigaji za wiki nzima zikafutwa. Simu nayo hukosea mita tatu hadi tano kila ncha, haifai kwa umbali mfupi. Sasa tunapima ufukweni kwa utepe wa chuma, tunasimamisha nguzo mbili kila mwisho, na boya linawekwa pale nguzo mbili zinapofichana.

Maboya ni madumu ya lita 20. Kila moja lilikuwa na nanga ya jiwe na kamba ndefu mara mbili ya kina. Kwa hiyo kila moja lilikuwa na uhuru wa kutembea, na usiku mmoja wa upepo ulipopita tuliokota sita kati ya kumi ufukweni. Mpangilio wa pili unafuata ule uliotumika Ziwa Albano kwa Olimpiki ya Roma 1960: kamba kuu moja iliyokazwa chini ya maji, sisi kwa kina cha mita 1.5, ncha zote zikiwa na viroba vinne vya mchanga vya kg 40, na madumu yanafungwa juu ya kamba hiyo. Yamevumilia wiki tatu. Njia moja ya mashindano ina upana wa mita 9, nasi tuna njia mbili.

Mahali nako pana sheria zake. Upande wa Ikombe milima ya Livingstone inazama moja kwa moja ziwani, nanga hazifiki. Upande wa mdomo wa Lufilyo kuna mamba, na hakuna mazoezi huko, hata mara moja. Katikati, mbele ya mchanga, ndipo penye kina kinachofaa. Jaketi okozi huvaliwa na kila aliye majini, na mtumbwi wa uokoaji wenye watu wawili unakaa nyuma ya mwisho wa njia.

Wiki ya 13 na 14: watu ndani ya mtumbwi

Saa ya kwanza iliyoaminika ya msichana wa mita 200 ni dakika 1 sekunde 31. Vincent ametumia chini ya nusu ya hapo. Sehemu ya tofauti ni mtumbwi, sehemu kubwa ni mkuku kwenda upogo. Mpigaji wa ziwani hubadili upande kafi likimchosha au omo likigeuka. Kwenye C1 anabaki upande mmoja, kwa hiyo lazima kila mpigo umalizike kwa kuusokota mkono wa juu, kidole gumba kikielekea chini, bapa lisukume nje kidogo na kurudisha omo. Wakisokota mapema, katikati ya mpigo, wanavunja mwendo. Tunawafundisha wakiwa wamepiga magoti kwenye gati, mtumbwi umefungwa, mipigo 50 kila mmoja, kabla ya kufungua kamba.

Goti liliumia kwa wote siku ya pili. Kipande cha godoro gumu la unene wa sm 8, kilichochongwa kufuata goti na mguu wa chini, kilimaliza shida. Kikiwa mbele mno omo linazama, nyuma mno tezi linaburura. Tunaweka alama ya maji kwa chaki na kukisogeza mpaka chaki ilowe sawa pande zote mbili.

Milango ya slalomu imetoka Iringa, kwenye mianzi ileile ya ulanzi. Fito za mita 1.8, kipenyo sm 4, zinaning'inizwa kwenye kamba juu ya maji sm 20, mlango mmoja upana mita 1.2. Pete nyekundu na nyeupe kwa mlango wa kupanda mkondo, kijani na nyeupe kwa wa kushuka, pete ya chini kabisa daima nyeupe. Kugusa ni adhabu ya sekunde 2, kuruka mlango ni 50. Mwanzi mbichi ulipasuka wiki ya kwanza. Kausha kivulini mwezi mzima na uzibe ncha kwa epoksi iliyobaki. Anayedhani bara letu halina nafasi hapo akumbuke Benjamin Boukpeti, aliyeipa Togo medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya slalomu, Beijing 2008.

Yanayofuata

Mtumbwi wa tatu hautakuwa C1. Sheria ya kayaki ya watu wenye ulemavu inadai urefu usiozidi sm 520, uzito usiopungua kg 12, na upana usiopungua sm 50 ukipimwa sm 10 juu ya tako. Umbo letu lina sm 52 mahali hapo. Maana yake mtumbwi uleule, ukiwekewa kiti na mahali pa kuegemeza miguu badala ya kipande cha goti, ni halali kwa madaraja ya KL1, KL2 na KL3 (yanayopangwa kwa kiwango cha ulemavu), yote mita 200. Mchezo huo uko Paralimpiki tangu Rio 2016. Kiti kinachongwa wiki ya 15; cha KL1 kinahitaji mgongo mrefu, kwa kuwa mpigaji wa daraja hilo hutegemea mikono na mabega peke yake.

Makaratasi yanakwenda sambamba. Mchezaji haingii mashindano ya ICF kwa jina la kijiji. Anaingizwa na chama cha taifa. Hatua yetu ya kwanza ni kusajili klabu kwa msajili wa vyama vya michezo aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, kupitia afisa michezo wa wilaya. Katiba ya klabu imeandikwa, orodha ya wanachama inakamilishwa, na vikundi vya Ludewa na Mbamba Bay vinafanya vivyo hivyo, maana chama cha taifa kinahitaji klabu zaidi ya moja.

Olimpiki ya 2028 itakuwa na mbio za maji tulivu Long Beach na slalomu Oklahoma City. Hatujiwekei miadi na huko. Miadi yetu ni Oktoba, upepo wa kusini ukishalegea: kurefusha kamba kuu hadi mita 500, jambo linalohitaji viroba 20, kamba ya plastiki ya mm 12 na siku mbili mfululizo za maji kioo. Viroba 14 vimeshajazwa mchanga.